GPS zote tatu zimezima juu ya Usangu: tuzungumze VOR, ADF na saa ya mkononi

#1 RubaniUyole

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaorusha ndege ndogo huku Nyanda za Juu Kusini na wanaojifunza. Wengine karibuni, vuteni viti.

Wiki iliyopita nilitoka Songwe kwenda Nduli, Iringa, na Cessna 206. Abiria wawili, nyuma maboksi ya vipuri vya mashine ya chai. Saa moja na robo asubuhi, mawingu machache, mvua inaonekana kwa mbali upande wa kaskazini mashariki. Mstari ulionyooka Songwe hadi Nduli ni kama maili 165 za baharini, uelekeo wa nyuzi 063 hivi. Ukishaukwepa mlima Mbeya unaingia juu ya bonde la Usangu na kazi inakuwa kunywa chai tu. Njia hii nimeipita mara nyingi hadi ramani ya karatasi inakaa nyuma ya kiti, mikunjo yake ni ileile ya dukani.

Dakika ya ishirini na tano, GPS ya dashibodi ikaandika kwamba haijui ilipo. Sikushtuka. Nikageukia kishikwambi kilichofungwa kwenye usukani: kale kandege ka bluu kamegandia palepale, halafu kakageuka kijivu. Nikatoa simu mfukoni. Lile duara la kuonyesha ulipo likawa linapanuka tu, mara limemeza Chimala, mara limemeza wilaya nzima. Vyote vitatu ndani ya dakika mbili.

Nikajiuliza niko wapi. Jibu nililokuwa nalo ni "juu ya Usangu", na Usangu si uwanja wa mpira.

Nikawasha VOR, kipokezi cha redio kinachosoma vituo vya ardhini, bendera nyekundu ya kusema hakuna mawimbi haikuondoka. Nikawasha ADF, ile yenye mshale wa kuelekeza kwenye mnara wa redio, mshale ukacheza kidogo kisha ukatulia kwa kujiamini kabisa, unanielekeza kwenye wingu jeusi linalopiga radi. Mbele mvua inakaribia. Nikageuka kulia, uelekeo 120, nikaitafute barabara kuu. Baada ya kama dakika kumi nikaiona lami na reli ya TAZARA zikienda pamoja karibu na Igawa, malori yanafuatana kama siafu. Nikashuka kidogo, nikazishika.

Sasa sikieni aibu yenyewe. Makambako nilikuta kipande cha wingu kimening'inia chini juu ya mji. Nikapita pembeni, nikatokea upande wa pili, nikaona reli, nikaifuata. Wenyeji mmeshanicheka. Pale ndipo lami na reli zinapoachana: lami inaenda Mafinga na Iringa, reli inaelekea mashariki, inaingia mahandaki mpaka Mlimba. Nilikwenda na reli dakika nne nzima. Kilichonizindua ni dira. Inasoma 090, wakati kutoka Makambako kwenda Nduli inatakiwa 040 hivi. Nikatazama chini: ardhi inashuka, makorongo yanaongezeka, mipaini ya Sao Hill haipo. Nikageuza mpaka nikauona mji tena, nikaanza upya na lami.

Nduli tulitua salama. Abiria mmoja akaniuliza kama huwa tunapitaga njia ile kila siku. Nikamwambia leo tulikuwa tunakwepa mvua.

Maswali yangu ni haya. Vifaa vitatu vinazimaje kwa pamoja? Na VOR na ADF zangu zina ubovu gani, au ubovu ni wangu?

#2 ParachichiNjombe

Mkuu, humu wenye ndege ni wangapi? Tuwekee bei za parachichi. Ila endelea, nasoma.

#3 KijanaWaAnga

Pole sana kaka. Mimi naona ulikuwa na bahati mbaya tu. Nunua kipokezi cha GPS cha pembeni kile cha kuweka juu ya dashibodi, unganisha na kishikwambi kwa bluetooth, utakuwa na vinne. VOR na ADF ni mambo ya babu zetu. Kuna ndege mpya zinatoka kiwandani hazina ADF kabisa, na hakuna anayelia.

#4 MzeeNduli

Kamwene wote.

Mdogo wangu KijanaWaAnga, nyumba ikiwa na mabomba matatu, jikoni, bafuni na uani, na yote yanatoka kwenye tanki moja juu ya paa, siku tanki likikauka utaenda kufungua bomba la nne? Dashibodi, kishikwambi, simu na hicho kipokezi chako vyote vinakinga maji kwenye tanki moja.

Na tanki lenyewe liko mbali. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, na kila moja inarusha kwa nguvu za kiasi cha balbu ya zamani ya nyumbani. Wimbi likifika kwenye paa la ndege yako limeshakuwa dhaifu kuliko kelele za kawaida za hewani. Kipokezi kinalichomoa humo kwa hesabu. Ndiyo maana kitu kidogo cha karibu kinaweza kulifunika. Sisemi GPS mbaya. Mimi nimeruka kabla ya Mei 2000, Wamarekani walipokuwa wanaipotosha makusudi kwa raia hadi mita 100, na hata hivyo tuliifurahia. Ila kuipenda ni jambo moja na kuitegemea peke yake ni jambo lingine.

Sasa VOR, maana naona wengi wanaiogopa kama hesabu za kidato cha nne. Fikiria mlinzi kwenye kiwanja kipana usiku. Anazungusha tochi yenye mwanga mwembamba, mzunguko mmoja kwa dakika moja, na kila tochi ikipita kaskazini anapuliza filimbi ambayo watu wote wanaisikia. Wewe uko gizani. Ukisikia filimbi unaanza kuhesabu sekunde, mwanga ukikupiga usoni unaacha. Sekunde 15 maana yake uko mashariki yake, 30 uko kusini. VOR ni hivyo hivyo, ila inazunguka mara 30 kwa sekunde, na kipokezi chako ndicho kinachohesabu tofauti ya mawimbi mawili. Kinachokuja kwenye kipimo chako cha VOR ni namba moja tu: uko kwenye mstari gani kutoka kituoni. Haijali pua ya ndege imeelekea wapi. Hilo liwekeni kichwani, ndiko wanafunzi wanakofelia.

Mstari mmoja haukuambii uko wapi juu ya mstari huo. Ukipata kituo cha pili, mistari inapokatana ndipo ulipo. Kama kituo kina DME una umbali, na hapo kimoja kinatosha. DME inapima mstari wa mshazari kutoka angani, kwa hiyo ukiwa juu kabisa ya kituo, futi 6,000 juu yake, itakuambia uko maili moja. Haijakosea, maili hiyo iko chini ya miguu yako.

Tuje kwenye bendera yako, RubaniUyole. VOR iko kwenye masafa ya megahezi 108 hadi 117.95, jirani kabisa na redio za FM, na tabia ni hiyo hiyo: lazima muonane. Chukua kipeuo cha pili cha futi zako juu ya kituo, zidisha 1.23, unapata maili. Futi 1,000 ni maili 39, futi 2,500 ni kama 61, futi 10,000 ni 123. Hiyo ni kwenye ardhi ya tambarare. Huku kwetu kuna mlima Mbeya, mita 2,818, yaani futi 9,200 na ushee, na kusini ya Usangu unayo Uporoto na Kipengere. Ukiwa Usangu kwenye futi 9,500, chochote kilichoko upande wa Songwe kiko nyuma ya mlima. Ulikuwa kivulini. Bendera ilikwambia ukweli na wewe ukaona ni ubovu.

Na nina uhakika hukusikiliza mlio wa Morse wa kituo, vile vidoti na vistari vinavyotaja jina lake. Nikosoe kama nakusingizia.

#5 RubaniUyole

Hunisingizii mzee wangu. Sauti ya VOR nimeifunga tangu ndege ilipotoka matengenezo mwaka jana. Na masafa niliyoweka ni yale yaliyobandikwa na karatasi ya gundi kwenye dashibodi, sijui nani aliandika.

#6 MzeeNduli

Haya. Hiyo karatasi ya gundi ing'oe leo. Hata mimi sitataja masafa ya kituo chochote humu, mtu asije akayanakili mwaka 2031. Chukua AIP, kitabu cha taarifa za anga cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, soma NOTAM, yaani matangazo kwa marubani, za siku hiyo, uone kipi kinafanya kazi na kipi kiko kwenye matengenezo. Halafu ukishakipata hewani sikiliza herufi zake mpaka mwisho. Kituo kikiwa kinafanyiwa matengenezo mlio huo huondolewa, ingawa mshale unaweza kucheza vizuri tu na kukudanganya. Mshale bila mlio ni mtu asiye na kitambulisho.

#7 BintiMufindi

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi, nina saa 31 tu. Naomba kueleweshwa ADF. Kwa nini mshale ulikwenda kwenye radi? Mwalimu wangu aliniambia ADF "inaenda tu kituoni", basi.

#8 MzeeNduli

Marahaba mwanangu, na hongera.

ADF ni rahisi kuliko VOR na ina ujinga mwingi kuliko VOR. Kituo chake, NDB, ni mnara tu unaorusha pande zote kwenye masafa ya chini, kilohezi mia mbili hadi mia tano na kitu. Akili yote iko kwenye ndege: antena inatafuta wimbi linatoka upande gani, mshale unaelekea huko. Sasa radi nayo ni kituo cha redio. Inarusha mawimbi makali sana kwenye masafa hayo hayo. Ndiyo ile kwaruza unayoisikia kwenye redio ya masafa ya kati mvua ikikaribia. ADF haijui tofauti ya mnara na wingu, inafuata mwenye kelele. Na kuna jambo baya zaidi: ADF haina bendera nyekundu. Kituo kikifa, mshale unabaki unaonyesha kitu, chochote. Ndiyo maana kwenye ADF sauti inaachwa wazi muda wote, hata ikikera. Mlio ukipotea, mshale si wako tena.

Jioni na alfajiri inayumba kwa sababu mawimbi yanarudi kutoka angani na kuchanganyika na yale ya ardhini. Milimani inavutwa. Kwa hiyo isome, usiiamini hadi mwisho.

Lakini ina utamu wake. Mawimbi ya chini yanainama na kufuata ardhi, kwa hiyo unaweza kuyapata bondeni ambako VOR imekatika. Na antena ile inashika pia redio za matangazo za masafa ya kati. Zamani tulikuwa tunaielekeza kwenye mnara wa Redio Tanzania, mshale unakupeleka mjini na wewe unasikiliza mpira. Timu yako ikifungwa unaanza kuyumba na ndege inayumba.

#9 FundiWaya

Mimi ni fundi wa umeme na redio za ndege. Niulize swali moja tu, RubaniUyole: wakati GPS zinapotea, ni nini kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara?

#10 RubaniUyole

Chaja. Abiria wa kulia simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alikuwa na chaja yake ya gari, zile za kununua stendi.

#11 FundiWaya

Basi nitaweka pesa yangu hapo.

Vichaja hivyo vinashusha volti 12 au 28 za ndege kuwa 5 kwa kuwasha na kuzima umeme mara maelfu kwa sekunde. Kilichotengenezwa vizuri kina vichujio na ganda la kuzuia kelele. Cha bei ya chee wameondoa yote hayo, kwa hiyo kinatapika kelele kwenye kila masafa. GPS ya raia inasikiliza kwenye megahezi 1,575.42, na Mzee ameshasema wimbi lenyewe ni dhaifu. Chaja iko nusu mita kutoka kwenye kishikwambi na mita moja kutoka kwenye antena ya paani. Hakuna ushindani hapo. Zile kamera ndogo za kubandika kwenye kioo nazo nimeshazikamata na kosa hilo hilo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni redio: kelele inayopita kizuizi cha sauti, kama mafuta yanakaanga.

Kuna mchawi mwingine wa ndani ya nyumba. Redio yako ya mawasiliano ikirusha, inarusha pia vivuli vya masafa yake, mara mbili, mara tatu, mpaka mara kumi na kitu. Chukua kikokotoo. 121.2 mara 13 ni 1,575.6. 131.3 mara 12 ni 1,575.6. Mnaona inapoangukia? Redio nzima yenye vichujio vyake haina shida, ila ya zamani au iliyofungwa ovyo, kila ukiongea kwenye masafa ya jirani na hayo GPS inakata, ukinyamaza inarudi. Watu wanabadilisha GPS mbili na ugonjwa uko kwenye redio.

Jaribio lake halina gharama. Toa ndege nje ya banda, washa GPS, subiri zishike, fungua ukurasa wa setilaiti. Halafu chomeka kimoja kimoja, chaja, kamera, feni, na uangalie vile vijiti vya nguvu ya mawimbi. Upande wa redio niachie mimi, nisije nikasikia mtu anarusha ovyo kwenye masafa asiyopewa.

Na kagua antena ya paani, kwenye kiungio cha waya. Mvua za huku Mbeya zinaingia hapo, shaba inaota kijani.

#12 KijanaWaAnga

Sawa nimekubali habari ya tanki. Ila wakuu tuwe wakweli, dunia inazima VOR. Marekani kwenyewe wanazipunguza. Tukae tunajifunza kitu kinachozikwa?

#13 MwongozaMstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi ya kuongoza ndege miaka mingi, naomba nikujibu na hilo, kisha nina ugomvi na mwenye uzi.

Ni kweli wanapunguza. Walikuwa na VOR karibu 900, wanashuka kuelekea 600 hivi. Lakini soma sababu ya kubakiza hizo 600: wamezipanga ili GPS ikifa nchi nzima, ndege iliyoko futi 5,000 juu ya ardhi iweze kushika VOR, na ndani ya maili 100 iwe na uwanja ambao inaweza kutua kwa vyombo bila GPS. Kwa hiyo hawazizimi zote. Wamebakiza vituo ambavyo siku ya shida itabidi uvijue.

Na siku hiyo imeshafika kwa wengine. Aprili 2024 Finnair ilisimamisha safari za Tartu, Estonia, mwezi mzima, kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa na njia za kutua pale zilitegemea GPS. Mwezi uliofuata, tarehe 10 na 11 Mei 2024, jua lilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003. Huko Marekani matrekta yanayojiendesha kwa GPS yalisimama mashambani katikati ya msimu wa kupanda. Hakuna adui, ni jua tu. Huko Mashariki ya Kati tangu 2023 kuna kibaya kuliko kuzibwa: kughushiwa. Ndege inapewa mawimbi ya uongo, skrini inaonyesha uko mahali ambapo hupo, hakuna kengele inayolia. Kuzimika kwa GPS ya RubaniUyole kulikuwa na adabu, angalau ilimwambia haijui ilipo.

Sasa ugomvi wangu. Nimeisoma hadithi yako mara mbili. Umepoteza GPS, VOR, ADF, umegeuka, umefuata reli, umerudi. Katika hadithi yote hiyo hakuna mahali ulipobonyeza kitufe cha kuongea. Kwa nini? Songwe ina rada ya kiraia, moja kati ya nne zilizofungwa nchini pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Transponda yako, kile kifaa cha kuijibu rada, inaongea nayo bila kuhitaji GPS kukuambia ulipo. Na hata kama mlima unakuzuia, kuna ndege nyingine juu yako zinazoweza kupokezana ujumbe, na masafa ya dharura, 121.5, yapo. Mnaona aibu. Nimewasikia miaka yote, rubani amepotea nusu saa anaongea nami kwa sauti ya mtu aliyeko nyumbani kwake. Mpaka mafuta yanakaribia kwisha ndipo anasema ukweli, na hapo msaada wangu umeshapungua thamani. Nani alikwambia tutakucheka?

#14 RubaniUyole

Mama, hapo umenigusa. Ni aibu kweli. Nilijua kuna jamaa zangu wawili watanisikia kwenye masafa.

#15 MzeeNduli

Mama amesema la msingi. Nami niongeze dogo, maana nilitaka kulisema tangu mwanzo.

Ulisema hukujua ulipo. Ulijua, ila hukupiga hesabu. Uliondoka saa moja na robo. Kasi ya noti 125, yaani maili 125 za baharini kwa saa, ni maili mbili na kidogo kwa dakika. Dakika 25 ni maili 52. Weka kidole kwenye mstari wa 063, maili 52 kutoka Songwe: hapo ndipo ulipo. Upepo? Tuseme ulikusukuma nyuzi 5. Kila nyuzi moja kwenye maili 60 ni maili moja, kwa hiyo 52 gawa 60 mara 5, ni maili nne na ushee kulia au kushoto. Yaani ungeweza kuchora duara dogo kwenye karatasi na kusema niko humu, nikigeuka kulia kwa 120 lami ipo dakika kumi. Ndicho ulichofanya, ila ulifanya kwa kubahatisha na jasho.

Ukija kuweka GPS kwanza na saa baadaye, saa haina pa kuanzia. Andika dakika uliyovuka kila alama. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Penseli tu. Siku skrini ikizima unakuwa na mahali pa mwisho palipo hakika, na mtu mwenye mahali pa mwisho hajapotea, amechelewa kuhesabu. Kurudi Makambako ulifanya vizuri, hilo nakupa.

Na njia ya kufuata lami, Songwe, Makambako, Nduli, inakuongezea kama maili 17 tu kwenye mstari ulionyooka. Dakika nane au tisa. Msimu wa mvua mimi nilikuwa naipita hiyo tangu mwanzo, sihitaji kupotea kwanza. Ila chagua lami, si reli.

#16 MsafiriSongwe

Samahani wakuu, mimi ni abiria tu. Hizo VOR ndizo zitatuondolea kero ya ndege kughairi Songwe kwa ukungu?

#17 MwongozaMstaafu

Hapana mwanangu. VOR inakuleta jirani na kiwanja, haikushushi hadi kwenye lami kwenye ukungu mzito. Ya kukushusha chini ni mitambo mingine, kama ILS, pamoja na taa na vipimo vya rubani mwenyewe. Kuna asubuhi ambayo kilichobaki ni kusubiri ukungu upande. Wanaoghairi siku hiyo wapende.

#18 ParachichiNjombe

Nimeanza kwa dharau, sasa nimefika hapa nahesabu 121.2 mara 13 kwenye simu dukani. Wateja wananiangalia.

#19 RubaniUyole

Wakuu, mrejesho.

Jana nimetoa ndege nje, injini imezima, GPS imeshika setilaiti 11. Nikachomeka simu yangu kwa chaja yangu, 11. Nikawasha kamera, 11. Nikachomeka ile chaja ya abiria wangu, niliiomba makusudi. Vijiti vikaanza kufupika kimoja kimoja kama mishumaa kwenye upepo: 9, 6, 4, 3, kisha ule ujumbe wangu niliouzoea. Kishikwambi nacho kikafuata. Nikachomoa, baada ya kama dakika moja vyote vimerudi. Nimerudia mara tatu, FundiWaya, majibu ni yale yale. Kwenye redio ile kelele ya mafuta yanayokaanga ipo pia. Siku ile nilidhani ni mvua.

Leo asubuhi nimerudia njia ile ile, hali ya hewa nzuri, na rubani mwenzangu kiti cha kulia kwa usalama. GPS nimeifunika kwa karatasi kuanzia Igawa. Ramani mapajani, penseli kwenye sikio. Masafa nimeyachukua kwenye AIP na NOTAM nimezisoma. Kituo nilichopanga hakikunipa kitu bondeni, bendera nyekundu kama siku ile, ila safari hii sikuipiga ngumi. Tulipopanda hadi 11,500 ikaanza kupepesa, kisha ikajificha. Nikafungua sauti. Mlio wa kwanza sikuufuatilia, wa pili nikaandika vidoti na vistari, wa tatu nikalinganisha na karatasi. Ndicho. Nilishangaa nilivyofurahi.

Makambako nilikadiria saa mbili na dakika mbili, nikavuka saa mbili na dakika nne. Mafinga nilikosea dakika tatu. Nduli ilitokea kushoto kidogo ya nilipoitarajia, kama maili mbili. Na Mama, nimeongea na waongoza ndege njia nzima mpaka nadhani wamenichoka.

#20 BintiMufindi

Ndaga fijo wote, nimechapisha uzi mzima nimeuweka kwenye begi la shule ya urubani. RubaniUyole, ile chaja umeifanyaje?

#21 RubaniUyole

Nimemrudishia mwenyewe. Anasema kwenye bodaboda yake haijawahi kumsumbua.